Harita za Maitu

Fatma alinipigia simu nikiwa nachemsha maji ya chai. "Anti," akasema, "Mama ametutoka." Kabla sijapata hata neno la kumpa pole, akaendelea mbiombio, maana alijua akinyamaza atalia na kazi bado ni nyingi. "Tunazika leo alasiri. Wamama wa msikiti wako hapa tayari, wanataka kumwosha, lakini majani ya mkunazi hakuna Nyeri hii nzima. Wanasema watumie tu sabuni ya duka. Na wewe unamjua Mama, Anti. Uko na harita?" Nikamwambia niko nazo na ninakuja. Nikazima jiko. "Halima amekufa," nikasema kwa sauti, peke yangu, nisikie jambo lenyewe likisemwa, na bado halikuniingia. Nikaenda stoo ya nyuma. Huko huwa naweka madebe mawili ya harita, moja la buluu na moja jekundu, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwa lile jekundu. Watoto wangu hawajawahi kuelewa kwa nini mti ni mmoja na madebe ni mawili. Wakiuliza huwa nawaambia waache maswali, wachote la buluu. Lile jekundu lilikuwa la Halima.

Wengi siku hizi hawazijui harita, basi niseme. Ni matunda ya mharita, mti wa kimo cha nyumba, wenye majani membamba yaliyopangwa pande mbili za kijiti. Tunda likiiva ni la rangi ya asali iliyoganda, linanata, na usilitie kinywani kwa sababu ni chungu mpaka utajuta. Likikauka hujikunja na mbegu yake nyeusi hugongagonga ndani. Unavunja ganda, unatoa mbegu, unaloweka ganda kwenye maji ya uvuguvugu, unalifikicha, na povu linatoka. Si povu la kujionyesha kama la sabuni ya unga, ni povu la kiasi. Lakini halichubui mikono, halififishi rangi, na hariri au sufu iliyooshwa nalo inarudi laini. Nywele pia, na mikufu ya fedha, na kichwa cha mtoto aliyeleta chawa kutoka shuleni. Mbegu hazitupwi, zinatungwa tasbihi. Haya yote nilifundishwa Majengo ya Nyeri mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa, uhuru ukiwa bado mchanga, na kila mtu mjini akiongea habari za mashamba ya wazungu, nani amenunua na nani amechelewa.

Nilikuwa nimeenda mjini kujifunza cherehani. Fundi alinipa nafasi barazani kwake lakini hakunipa pa kulala, na ndivyo nilivyofika kwa Bi Zuhura, nyanya yake Halima, aliyekuwa akifua nguo nzuri za mji mzima: mablanketi ya sufu, shali, sweta za walimu, hariri za wanawake wa maduka. Mharita ulikuwa uani kwake. Baba yake, seremala aliyetoka Bara Hindi, ndiye aliyeupanda kwa mbegu aliyokuja nayo mfukoni. Mama yake alikuwa Mgikuyu aliyesilimu. Kwa hiyo Bi Zuhura alikuwa na pua ya huko na ulimi wa huku, na akigombana na muuza makaa alimgombeza kwa Kigikuyu safi mpaka mtu anapunguza bei bila kuombwa. Mti wenyewe haukuipenda baridi ya Nyeri. Ulizaa kwa shingo upande, mwaka huu mikono miwili, mwaka ujao gunia, na Bi Zuhura aliusemesha akipita kama mtu anayemsihi mpangaji.

Chumba chetu mimi na Halima kilikuwa cha mbao, kimebandikwa magazeti ukutani, kitanda kimoja, dirisha moja lililotazama mti. Usiku tulipokezana kusoma kuta kwa tochi mpaka tukazijua habari zote kwa moyo, na mpaka leo naweza kukuambia bei ya baiskeli ya miaka hiyo. Jiko lilikuwa kibanda cha mabati chenye mafiga matatu, na juu ya moto dari ya fito ambapo kuni mbichi ziliwekwa zikauke, ile tunayoiita itara kwetu. Moshi ulitoka popote ulipopata tundu. Hapo ndipo nilipokula githeri, mahindi na maharagwe yetu yale, kwa mara ya kwanza ikiwa na tangawizi na dania, nikadhani Bi Zuhura amekosea chungu. Kufika mwezi wa pili nikawa sitaki tena ile ya kwetu, na nilipokwenda nyumbani nikamwambia hivyo mama yangu. Maitu, kama tunavyoita mama kwetu, aliondoa sahani yangu akaenda kuiosha. Ijumaa kulikuwa na pilau. Nilizipenda Ijumaa zile kuliko Jumapili zangu mwenyewe, na nilipoona haya kwa kuzipenda, Halima alinicheka: "Kula wewe! Mungu anajua uko na njaa."

Halima alikuwa mrefu, mwenye kelele, wa kucheka kwanza na kuuliza baadaye. Mwaka ule alikuwa amependa. Yusuf alikuwa dereva wa lori la ngozi, kwao Isiolo, na alikuja mara ya kwanza kuleta blanketi lifuliwe. Wiki mbili baadaye akalileta tena. Mara ya tatu Bi Zuhura alilikunjua, akalinusa, akasema, "Kijana, hili blanketi ni safi kuliko langu. Sema unachotaka, mimi niko na kazi." Yusuf akasema alichotaka, akiangalia viatu vyake. Halima alikuwa nyuma ya mlango akinifinya mkono mpaka ikabaki alama.

Basi mama yake Yusuf akaja kutuona. Alikuwa Mborana mwembamba, amenyooka, mwenye macho yasiyokosa kitu, na alikaa kwenye kiti cha wageni bila kukiegemea. Mimi na Halima tulikuwa chumbani, na ukuta wa mbao hauzuii maneno. Tulisikia vikombe, tukasikia habari za njia na za mvua, halafu tukamsikia akisema kwa upole wote: "Msichana ni mzuri, simkatai. Lakini nyumba zenu za Nyeri, samahani, zinanuka moshi. Nguo moshi, nywele moshi. Mimi nimemlea mwanangu kwa udi na ubani. Sasa alale na jiko?" Halima alishika ncha ya kanga yake akainusa, kisha akavuta shungi la nywele zake akalinusa, na uso wake ukabadilika. Ukisikia mtu anakusema hivyo, hata uwe umeoga mara ngapi, unajinusa tu.

Mama Yusuf akatoa shali ya hariri kwenye mkoba wake. Ilikuwa ya rangi ya komamanga, yenye nyuzi za dhahabu pindoni. Akaeleza desturi ya ukoo wa mume wake. Kila bibi harusi wa nyumba ile alivaa shali hiyohiyo, na kabla ya nikaha nyumba ya msichana iliiosha na kuirudisha, na mama wa mume aliifungua mbele ya wanawake. Rangi ikiwa imetoka, uzi ukiwa umekatika, au harufu ikiwa mbaya, walijua ni nyumba ya namna gani. "Nitakuja mwenyewe kuichukua," akasema. "Nikiifungua nitajua. Na mwanangu amekubali nitakavyosema." Alipoondoka Halima alitoka, akapiga magoti mbele ya ile shali, akasema, "Nyanya, ukiiharibu hii mimi nimekwisha." Bi Zuhura akamwambia aondoe magoti kwenye unga uliomwagika sakafuni.

Tatizo lilikuwa jua. Nyeri ukiijua mwezi wa saba, unaijua: mlima hauonekani, mbingu imefunga kama sufuria, nguo zinakaa kambani wiki nzima na bado ukizikamua zinatoa maji. Harita za mwaka uliopita zilikuwa zimekwisha kwa mablanketi ya baridi. Za mwaka ule zilikuwa ndiyo kwanza zimeangushwa, zinanata, na harita isiyokauka vizuri huota ukungu na kuacha doa la manjano. Kila asubuhi Bi Zuhura alizianika uani kwenye ungo, kila adhuhuri manyunyu yakaja, tukakimbia nazo ndani. Juu ya hayo alikuwa ameshikwa na mafua yasiyoisha, pua imeziba, sauti imekuwa ya mwanamume.

Wakati huo ndipo Maitu alipokuja. Hakunitumia habari. Nilirudi kutoka barazani kwa fundi nikamkuta ameketi jikoni kwa Bi Zuhura, na kando yake mzigo wa kuni aliobeba mgongoni kutoka nyumbani, maana kwetu mwanamke haendi ugenini mikono mitupu, na yeye hakuamini kwamba mjini kuna kuni za maana. Zilikuwa kuni za mutamaiyu, mzeituni wa mwituni, nzito, za kuwaka taratibu. Alikuwa amekuja kunichukua. Hilo nilisikia jioni hiyo, tena kupitia ukuta uleule, akimwambia Bi Zuhura kwa Kigikuyu kwamba binti yake amebadilika, hataki chakula cha nyumbani, na watu wanasema atasilimishwa. Bi Zuhura akamwambia kwa Kigikuyu chake safi, sauti ikikwaruza kwa mafua: "Mama yangu alitoka upande wenu. Nikimwona huyu msichana akila, namwona yeye. Hakuna anayemwita popote. Lakini kama unataka umchukue, kaa kwanza mvua ipungue, uone mwenyewe anavyoishi." Maitu akakaa. Hakuwa mtu wa kukaa bure, na kesho yake alikuwa ameshafagia ua wote, ametengeneza banda la kuku na ameanza kupika.

Hatukumwambia habari za harita. Nani angefikiria? Bi Zuhura alikuwa amekwenda dukani, sisi tuko kazini, manyunyu yakaanza, na Maitu akaona ungo wa matunda ya watu unalowa. Akafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelifanya. Aliyabeba akayaweka juu ya itara, juu ya moto, mahali ambapo mtama hukaukia, na mahindi ya mbegu, na kila kitu ambacho mtu hataki kukipoteza. Akachochea moto kwa kuni zake nzuri. Bi Zuhura aliporudi akaziona huko juu, akasema haya, angalau zitakauka, akaziacha hapohapo siku zilizofuata. Zilikauka sana. Ziligongana mkononi kama changarawe. Akazivunja, akaloweka, akachuja kwa kitambaa, akaiosha shali ya komamanga kwa mikono yake bila kuikamua, akaikunja kwenye taulo, akaianika kivulini ndani ya chumba chetu. Na pua yake imeziba.

Halima ndiye aliyefungua mlango wa chumba jioni. Alisimama. Shali ilikuwa nzuri sana. Rangi ilikuwa imeamka, dhahabu inang'aa, haina doa. Akaisogelea, akaweka uso, akageuka kuniangalia. "Wangui," akasema, "inanuka moshi."

Tuliiosha tena kwa maji matupu. Tukaipepea mlangoni. Halima akainyunyizia marashi ya waridi, na sasa ikanuka moshi na waridi, ikawa mbaya zaidi. Akataka aifue kwa sabuni ya mche, na Bi Zuhura akamnyang'anya: "Rangi itatoka! Heri moshi, moshi ni ukweli wetu." Halima akanigeukia mimi. Naikumbuka sauti yake. "Mama yako ameniulia ndoa. Alikuja kukuchukua, si akuchukue tu! Mbona alikuja kunimaliza mimi?" Nilikaa pembeni mwa kitanda nikilia, yeye akakaa upande wa pili akilia, na katikati yetu ile shali. Jikoni Maitu alikuwa ameelewa kila kitu. Alikataa kula. Alifunga nguo zake akasema anaondoka na mvua hiyohiyo. Bi Zuhura akamzuia mlangoni, pua inamtoka: "Uliona mvua ukaniokolea mali yangu. Nikukasirikie wewe au mvua? Keti, ule."

Mama Yusuf alikuja kesho yake, na wanawake wawili wa kwao. Kulikuwa na chai ya tangawizi na mandazi ambayo hakuna aliyeyagusa. Safari hii hatukujificha. Halima alikaa sakafuni karibu na nyanya yake, mimi nyuma yake, na Maitu karibu na mlango wa jikoni, kitambaa kichwani, mikono mapajani. Mama Yusuf akaipokea shali kwa mikono miwili. Akaikagua pindo, akaivuta uzi mmoja mmoja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaipeleka puani. Nilimwona Halima akifumba macho.

Mama Yusuf aliishusha. Akaipandisha tena. Shali ikamfunika nusu ya uso. "Nani amefukiza hii?" akauliza.

Bi Zuhura alifungua mdomo aseme ni yeye, namjua, angesema. Lakini Maitu alikuwa ameshasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Karatina, cha kuuzia viazi, na alikitumia chote. "Ni mimi, mama. Niriziweka juu ya moto, ati zikauke. Sikujua. Huyu mtoto hana makosa, na huyu mzee hana makosa. Kama ni kukasirika, kasirikia mimi."

"Moto wa kuni gani?"

Maitu hakuelewa kwa nini anaulizwa, lakini aliingia jikoni akarudi na kijiti kimoja cha mutamaiyu, akampa. Mama Yusuf alikikwangua gome kwa ukucha, akakinusa, akasema neno ambalo sikulijua: "Ejersa." Akawageukia wanawake wake akalirudia, nao wakanyoosha mikono, kijiti kikapita kutoka pua hadi pua. Akatuambia, taratibu, kwamba mama yake alifuga ng'ombe huko chini kabla yeye hajaolewa mjini, na kila asubuhi alifukiza vibuyu vya maziwa kwa mti huu. Maziwa ya utotoni mwake yalinukia hivi. Kifua cha mama yake kilinukia hivi. Tangu azikwe hajawahi kuinusa harufu hii tena, na hakujua kwamba mti wenyewe uko Nyeri. Alisema haya bila kulia, lakini shali hakuitoa mapajani mwake.

Maitu, ambaye alikuwa ameshika yale aliyoweza kushika, akasema, "Hata sisi tunaweka kwa kibuyu. Kwani nyinyi pia?" Na hapo wale wawili wakaanza mazungumzo ya vibuyu, kila mmoja kwa Kiswahili chake kibovu, mpaka chai ikapoa na Bi Zuhura akalazimika kuipasha moto. Halima alikuwa bado amefumba macho. Nikamgusa mgongoni. "Fungua," nikamnong'oneza, "umeolewa."

Mama Yusuf hakuomba radhi. Hakuwa wa aina hiyo. Wakati wa kuondoka aliomba kuni zilizobaki, akazipakia mwenyewe, na akiwa ameshapanda lori la mwanawe akamwambia Bi Zuhura, "Lakini jiko lenu litieni bomba. Moshi mwingine ule si mzuri." Maitu naye aliondoka keshoye, na hakunichukua. Alisema tu kwamba nisisahau nyumbani, na kwamba ile githeri, kwa kweli, si mbaya. Halima aliniomba msamaha kwa njia yake, yaani alinipa upande wake wa kitanda ulio mbali na dirisha linalovuja. Nikaukubali.

Mwaka ule ulikwisha na mimi nikawa fundi. Nilipoolewa Kutus, Halima alinitungia mkufu wa mbegu za mharita, na mojawapo nikaichomoa nikaipanda, nimwone kama atajua. Hakujua mpaka mti ulipofika kiunoni. Huku kuna joto, mharita unazaa mpaka unachosha. Ule wa Majengo haupo, pamejengwa nyumba ya mawe ya ghorofa. Halima alikaa Isiolo miaka mingi, akarudi Nyeri na wajukuu, na kila msimu alinipigia simu: "Wangui, zangu zipitishe kwa Maitu." Maana yake zikaushwe juu ya moto wa mutamaiyu, si juani. Aliosha nazo nywele zake mpaka zikawa nyeupe. Maitu alipokufa, yeye ndiye aliyeniletea zile kuni, akazibeba mgongoni kutoka barabarani, Mwislamu mtu mzima na buibui lake, majirani wanashangaa. Nilimpenda Halima kuliko nilivyowahi kumwambia, na hili nalisema hapa kwa sababu simu haitapokelewa tena.

Nilifika Nyeri kabla ya adhuhuri, debe jekundu kwenye kiondo. Fatma alinikumbatia, akalipokea, akalipeleka chumbani walimomlaza. Mimi si wa dini yao, na kuoshwa kwake ni kazi yao, kwa hiyo nilikaa nje kwenye kiti cha plastiki nikisikia maji yakimiminwa na sauti za chini za wanawake wakisoma. Walikuwa wapole naye, niliwasikia. Baada ya kitambo mlango ulifunguka. Alitoka mama mmoja mzee aliyekuwa akiwaongoza, mikono imelowa hadi viwiko, povu dogo limebaki kwenye vidole. Alikuwa akijinusa mkono. Akatuangalia sote tuliokaa pale uani, mmoja baada ya mwingine.

"Nani amefukiza hizi?" akauliza.

Nikasimama. "Ni mimi, mama," nikamwambia. "Niliziweka juu ya moto."